Mashine ya Kusaga Ilipanda Mlima, Trekta Likabaki Barabarani

Malori yatokayo bandari ya Dar es Salaam hukata zaidi ya kilomita 1,200 kabla ya kufika Kabanga, wilayani Ngara, na kuvuka mpaka kuingia Kobero, lango la Burundi upande wa kaskazini mashariki. Hubeba mbolea, saruji, mafuta, vyuma na, mara mojamoja, mashine za kilimo. Zikishatoka forodhani, mashine hizo hushika njia mbili. Injini ndogo ya dizeli ya kusagia hupanda milima ya Muyinga, hufika mpaka Gitega, na huishia kwenye kibanda cha mabati karibu na soko, ambako itasaga mihogo na mahindi mwaka mzima. Trekta halipandi. Huendelea na barabara kuu hadi penye tambarare, kama mashamba ya miwa ya SOSUMO huko Moso au uwanda wa Imbo karibu na Ziwa Tanganyika. Milimani hupita tu. Wakulima ni walewale, umaskini ni uleule, na mkopo ni ghali kwa anayetaka mashine yoyote kati ya hizo mbili. Kama kizuizi kingekuwa ujinga wa mkulima au woga wake wa mitambo, mashine ya kusaga nayo ingekataliwa. Haikukataliwa. Maana yake ni kwamba mkulima wa Kobero alishapiga hesabu zamani, na ukiipitia hesabu hiyo tarakimu kwa tarakimu utaona kwamba aliipiga sawasawa. Mashine ilipayo ni ile yenye siku nyingi za kazi kwa mwaka, hata kama nguvu zake ni ndogo.

Wataalamu walikuja kuyaandika haya kwa lugha yao. Mwaka 1965 mchumi Ester Boserup wa Denmark alieleza kwamba zana za kilimo hubadilika kadiri watu wanavyobanana na kulazimika kulima ardhi ileile mara kwa mara. Kila zana ina zamu yake. Mwaka 1987 Prabhu Pingali, Yves Bigot na Hans Binswanger, wakichunguza kilimo cha Afrika kusini mwa Sahara, waliongeza jambo ambalo kila anayepanga kununua mashine angepaswa kulijua. Mitambo huanza kuchukua kazi zinazotaka nguvu nyingi na uangalifu mdogo: kusaga, kukoboa, kuvuta maji, kubeba mizigo. Kazi zinazotaka jicho na mkono, kama kupalilia na kuvuna kwa kuchagua, hubaki kwa binadamu mpaka ujira wa kibarua upande sana. Kulima kumekaa katikati: kunataka nguvu, lakini pia kunataka shamba lenye umbo, udongo na mteremko unaokubali mashine kutembea. Mashine ya kusaga haijali shamba lina umbo gani, kwa kuwa shamba ndilo linaloifuata, ndani ya gunia, juu ya baiskeli.

Hesabu inayoanza na ardhi

Burundi ina kilomita za mraba 27,834, na sensa ya mwaka 2024 ilihesabu watu zaidi ya milioni 12. Hiyo ni zaidi ya watu 400 kwa kila kilomita ya mraba, na walio wengi wanaishi kwa kulima. Shamba la kaya ya kawaida ni kama nusu hekta, yaani ekari moja na robo hivi, na wengi wako chini ya hapo. Nusu hekta hiyo nayo si uwanja mmoja. Urithi umeikata: kipande kimoja kiko karibu na nyumba, kingine mgongoni mwa mlima, cha tatu bondeni. Karibu na nyumba kuna migomba, pembeni kuna mibuni, na hayo ni mazao ya kudumu ambayo plau haiwezi kuyapitia. Ardhi iliyo wazi, inayolimwa upya kila msimu kwa ajili ya maharage, mahindi au viazi, huenda isizidi robo hekta. Nyanda za Kirimiro zinazouzunguka mji wa Gitega zimebanana zaidi. Muyinga, ambayo tangu mgawanyo mpya wa mikoa wa 2025 imo katika mkoa wa Buhumuza, ina nafasi zaidi kidogo, hasa inavyokaribia mpaka; lakini hata huko tofauti inapimwa kwa hatua za miguu.

Sasa tuchukue kalamu. Tuseme trekta na plau yake vinagharimu faranga milioni 100. Hiyo si bei ya duka lolote, ni tarakimu nyepesi ya kupigia hesabu, na msomaji ataweka bei yake mahali pake. Tuseme litafanya kazi miaka 10 kisha liuzwe milioni 20. Uchakavu ni milioni 80 zilizogawanywa kwa miaka 10, sawa na milioni 8 kila mwaka. Riba ya asilimia 12 juu ya thamani ya wastani, milioni 60, ni milioni 7.2. Bima na banda la kulihifadhi tuviwekee milioni 2. Jumla ni milioni 17.2 kila mwaka, na fedha hizo huondoka hata trekta likiwa limeegeshwa, kabla ya tone la kwanza la dizeli na kabla dereva hajalipwa. Mwenye hekta 5 atabeba mzigo wa faranga milioni 3.44 kwa kila hekta. Mwenye hekta 50 atabeba 344,000. Likilima hekta 150 kwa mwaka, mzigo unashuka hadi kama 115,000. Bei ya dukani haikubadilika hata senti. Kilichobadilika ni wingi wa kazi. Ndiyo maana swali la kwanza la mnunuzi, kabla ya kuuliza trekta linauzwaje, lingekuwa: nitalipatia hekta ngapi?

Jibu halihitaji kubahatisha, kwa sababu uwezo wa mashine hupimika. Zidisha upana wa plau kwa mita, mwendo wa trekta kwa kilomita kwa saa, na sehemu ya muda ambayo plau inakata udongo kweli badala ya kugeuka au kusimama. Kisha gawanya kwa 10. Plau ya sahani tatu yenye upana wa mita 0.9, ikienda kilomita 5 kwa saa na kufanya kazi kweli asilimia 70 ya muda, hulima hekta 0.32 kwa saa, au hekta 2.5 kwa siku ya saa nane. Tukilipatia trekta siku 30 nzuri katika kila msimu mkuu kati ya misimu miwili ya Burundi, ule unaoanza na mvua za Septemba na ule unaoanza karibu na Februari, tunapata hekta 75 kwa msimu na 150 kwa mwaka. Zitafute hizo hekta 75 hapa Kobero. Kama kila kaya ina robo hekta iliyo wazi, zinahitajika kaya 300 zenye mashamba yanayopakana, yaliyo karibu na barabara, zote zikitaka kulimiwa ndani ya mwezi mmoja. Na ile asilimia 70 ni ya shamba refu. Katika kipande cha mita 20 kwa 25, trekta hutumia muda mwingi likigeuka kuliko likilima, na hekta 2.5 za kwenye karatasi huwa moja na kitu.

Mteremko, kimo na mafuta

Hata kaya hizo 300 zikipatikana, mlima una neno lake. Trekta la kawaida la magurudumu manne, likilima kwa kukingama na mteremko unaoshuka mita 15 katika kila mita 100, linakaribia hatari ya kupinduka. Dereva akikwepa hatari kwa kulima kutoka juu kwenda chini, kila mfereji wa plau unakuwa njia ya maji, na mvua ya kwanza huteremsha mtoni udongo wa juu wenye rutuba. Wakulima wa milima hii wamekuwa wakihimizwa kwa miaka mingi kuchimba makingamaji na kupanda majani ya tembo kufuata kontua ili udongo ubaki. Kazi hiyo ni mtaji halisi, ingawa haina namba ya usajili, na mashine inayohitaji kuibomoa ili ipate pa kugeukia imeanza kwa kuleta hasara.

Kuna jambo jingine ambalo wauzaji hawalitaji. Maeneo mengi ya Muyinga na Gitega yako kati ya mita 1,500 na 1,800 juu ya usawa wa bahari, ambako hewa ni nyepesi. Injini isiyo na tabo hupoteza takribani asilimia 3 ya nguvu zake kwa kila mita 300 za kupanda, kwa hiyo pawatila, yaani trekta dogo la magurudumu mawili, iliyoandikwa nguvu farasi 12 hapa huwa na kama 10. Pampu ya maji nayo huathirika. Pwani, pampu inayofyonza huweza kuvuta maji kutoka kina cha mita 7 hivi. Kwa kimo cha Kobero usiitegemee kupita mita 5 au 6, kwani kinachoyasukuma maji kupanda ndani ya bomba ni uzito wa hewa, na hapa uzito huo umepungua. Mnunuzi asiyelijua hili hununua mashine inayotosha barabara kwa Dar es Salaam, kisha humlaumu fundi.

Na dizeli? Kulima hekta moja kwa plau hunywa kati ya lita 15 na 25, kutegemea ugumu wa udongo na kina. Kwa miaka kadhaa sasa Burundi imesumbuliwa na uhaba mkubwa wa mafuta na wa fedha za kigeni za kuyaagizia. Uhaba huo huumiza kila injini, lakini hauziumizi sawasawa. Mashine ya kusaga ikikosa mafuta siku tatu, mihogo mikavu itangoja. Trekta likikosa mafuta siku kumi za mwanzo wa mvua, msimu umeharibika, maana faida kubwa ya trekta ni kuwahi, na kuwahi hakuwekwi akiba. Vipuri na matairi vinapita katika tundu lilelile la fedha za kigeni. Kwa hiyo anayenunua mashine upande huu wa mpaka hana budi kuhesabu pia siku ambazo itasimama ikisubiri kitu kutoka nje.

Kila ukubwa na chombo chake

Tuanze na walio wengi, wenye nusu hekta mlimani. Kwao injini ya kulimia haina hesabu inayosimama, iwe kubwa au ndogo. Fedha yao ya kwanza iende kwenye jembe la chuma kizuri, lile ambalo Warundi huliita isuka, na jembe uma la kuchimbulia udongo bila kuugeuza wote. Kisha toroli au baiskeli imara, kwa sababu mbolea, maji na mavuno hubebwa kichwani siku nyingi kuliko zile za kulima. Baada ya hapo ni vyombo vya kuhifadhi: turubai la kuanikia na mifuko isiyopitisha hewa, inayozuia wadudu bila dawa. Ng'ombe anayelishwa zizini, kama sheria ya Burundi ya mwaka 2018 inavyoagiza, huipa nusu hekta samadi na maziwa. Ukiuliza ni kipi kitaongeza debe la maharage mwaka huu, samadi itaishinda plau, kwani shamba dogo lenye watu wengi halikosi mikono ya kulilima. Linalokosa ni rutuba.

Injini ya kwanza ya watu hawa iwe ya kushirikiana na iwe imesimama mahali pamoja. Mashine ya kupukuchua mahindi ni mfano mzuri. Kwa mikono, mtu hupukuchua kilo chache kwa saa na vidole vikiuma. Mashine ndogo yenye injini hufanya mamia ya kilo kwa muda huo, na husogezwa kwa pikapu kutoka mlima hadi mlima jinsi mavuno yanavyokomaa. Mahindi yakikauka vizuri na kupukuchuliwa mapema, sumukuvu hupungua na mnunuzi anayedai unyevu wa asilimia 13 au 14 hana sababu ya kushusha bei. Kifaa cha kuparuza au kukata mihogo, mashine ya kupura mpunga na pampu ya msimu wa kiangazi vina tabia hiyohiyo: havijali mteremko, havijali mipaka ya urithi, na siku zao za kazi ni nyingi.

Bondeni mambo hubadilika. Mabonde ya vinamasi ya Burundi ni mali ya serikali, wananchi hupangiwa sehemu za kulima, na mpunga hupandwa kwa mfululizo bila migomba wala mibuni ya kukwepa. Ardhi ni sawa, tope ni laini, majirani hupanda kwa wakati mmoja. Hapo ndipo pawatila inapofaa. Ikiwa na majembe yanayozunguka yenye upana wa mita 0.6, mwendo wa kilomita 3 kwa saa na asilimia 70 ileile, huvuruga karibu hekta moja kwa siku. Mtu mmoja kwa jembe angetumia kama siku 50 kwa hekta hiyo. Ivishwe magurudumu ya chuma isizame, na inunuliwe pamoja na tela, kwa sababu siku za tope ni chache na siku za mizigo ni nyingi. Injini yake ikifungwa mkanda huendesha pampu au mashine ya kupura. Pawatila isiyo na tela wala mkanda imenunuliwa nusu. Na anayelima mpunga asisahau mashine ya kupalilia inayosukumwa kwa mkono kati ya mistari: haina injini, bei yake ni ndogo, na inaondoa kazi inayoumiza migongo ya wanawake kuliko zote.

Maksai wanastahili neno moja, kwa sababu wasafiri wanaotoka Mwanza na Shinyanga huwaona wakivuta plau na kushangaa kwa nini Burundi hawapo. Jozi moja hulima robo hekta au zaidi kidogo kwa siku, haihitaji dola, na ikizeeka huuzwa nyama. Lakini Usukumani kuna malisho. Kaya ya nusu hekta inayokata majani kulisha ng'ombe mmoja wa maziwa haiwezi kulisha madume wawili wanaofanya kazi wiki chache kwa mwaka. Ng'ambo ya pili, Ngara, ambako ardhi ni pana zaidi, maksai wanaweza kuwa jibu la mwenye hekta 3 hadi 10. Hapa Kobero ni nadra.

Trekta la kweli linaanza kueleweka pale ambapo hekta 50 na zaidi zinaweza kufikiwa kwa urahisi, iwe ni za mmiliki mmoja ng'ambo ya mpaka au za vyama vya ushirika vilivyoungana. Anayefika hapo asinunue kwa rangi. Sahani moja ya plau hutaka nguvu farasi 20 hadi 25, kwa hiyo sahani tatu zinahitaji trekta la 60 hadi 75. Kwa kimo hiki achague upande wa juu, au apunguze sahani. Ripa, inayopasua mstari wa kupandia tu na kuacha udongo mwingine umefunikwa, hunywa mafuta kidogo kuliko plau na hulivunja tabaka gumu ambalo plau ya kila mwaka hulijenga chini ya ardhi. Aina ya trekta ichaguliwe kwa kuuliza mafundi na si mawakala: ni lipi lenye vipuri Kahama, Mwanza na Bujumbura leo? Massey Ferguson la zamani ambalo kila fundi analijua linaweza kuwa rahisi kulimiliki kuliko jipya la bei ya chini ambalo chujio lake la mafuta huagizwa kutoka ng'ambo ya bahari. Na tela tena. Trekta linalobeba mawe, mchanga na mavuno miezi ambayo halilimi linagawanya zile milioni 17.2 kwa siku nyingi zaidi.

Hoja za upande wa pili

Hoja ya kwanza ni ya heshima. Mwaka 2015 Umoja wa Afrika, wakati Nkosazana Dlamini-Zuma akiongoza Kamisheni yake, ulianzisha kampeni ya kulipeleka jembe la mkono makumbusho. Nani atapinga? Vijana wanaikimbia kazi hiyo, na wanawake ndio wanaoinama zaidi. Waswahili walisema mgeni umpe jembe siku ya tatu, wakijua kwamba jembe ndilo linalomfanya mtu aache kuwa mgeni; leo kijana aliyezaliwa shambani anajiona mgeni mara anapopewa jembe. Lakini tuangalie trekta linaondoa nini. Linaondoa kulima na kuacha palizi. Likifungua eneo kubwa zaidi ya lile ambalo familia inaweza kupalilia, mzigo unahama kutoka wiki za kulima kwenda wiki za magugu, na hapo wanaoinama ni wanawake walewale. Anayetaka kweli kupunguza suluba ataanza na kubeba maji, kubeba kuni, kupukuchua, kutwanga na kupalilia. Orodha hiyo ina mashine nyingi, na karibu zote ni ndogo.

Hoja ya pili inasema: asiyeweza kununua, na akodi. Hiyo ndiyo njia sahihi, na ushahidi bora unatoka Bangladesh, nchi yenye mashamba madogo kama ya Burundi. Baada ya mafuriko na kimbunga vya mwaka 1988 kuua mifugo ya kulimia, serikali yake ililegeza masharti ya kuagiza pawatila kutoka China. Wenye mitaji midogo walizinunua wakawalimia majirani kwa malipo, na leo sehemu kubwa ya ardhi ya nchi hiyo hulimwa hivyo, huku wakulima wengi wakiwa hawamiliki mashine yoyote. Wapinzani wa ukodishaji husema kila mtu ataitaka mashine wiki ileile. Ni kweli mlimani, ambako mvua huanza kwa wote pamoja. Ni kweli kidogo bondeni, ambako maji hupangwa kwa zamu na kitalu kimoja hutangulia kingine. Bangladesh ilifanikiwa pia kwa sababu ni tambarare na ina mto kila upande. Kwa hiyo funzo lake kwetu lina mipaka: ukodishaji wa pawatila uanzie kwenye mabonde ya mpunga, si kwenye migongo ya milima.

Hoja ya tatu hutaka serikali igawe matrekta. Historia ya jirani inatosha kujibu. Kati ya 1947 na 1951 Waingereza walileta Tanganyika mamia ya matrekta kwa ajili ya mradi wa karanga wa Kongwa, Urambo na Nachingwea, mengine yakiwa yametengenezwa kwa vifaru vya vita. Udongo wa Kongwa ulikauka ukawa kama tofali, majembe yakalika, na mradi ukafa baada ya kumeza zaidi ya pauni milioni 30. Tangu 2009, chini ya Kilimo Kwanza, Tanzania ilisambaza pawatila kwa wingi. Katika skimu za mpunga, kama za Mbarali, zilipata kazi yake. Penye udongo mkavu na mgumu zilirukaruka bila kuchimba, na wenyewe wakazigeuza vyombo vya kubebea mizigo. Baadhi waliwacheka. Ukweli ni kwamba wakulima hao walifanya uamuzi wa kiuchumi ulio sahihi: waliihamisha mashine kutoka kazi isiyolipa kwenda kazi inayolipa. Kinachogawiwa bila hesabu ya kazi hujitafutia kazi chenyewe, au huota kutu.

Hoja ya mwisho, na nzito kuliko zote, ni kuunganisha mashamba: vipande vikiwa shamba moja, trekta litapita. Penye ardhi sawa, wazo hili lina faida, na haliwalazimu watu kuacha haki zao. Majirani wanaweza kukubaliana zao moja na tarehe moja huku kila mmoja akijua mpaka wake. Vyama vya ushirika vya Sangwe, ambavyo serikali ya Burundi imevisambaza tangu 2019 hadi ngazi ya kila mlima, vingeweza kuwa mahali pa makubaliano hayo. Lakini kuunganisha hakulainishi mteremko wala hakung'oi migomba, na familia yenye nusu hekta hujikinga na njaa kwa kuchanganya mazao, si kwa kupanda moja. Mlima unaweza kuunganishwa kwenye ramani na bado ukalipindua trekta.

Linalobaki ni usimamizi, ambao umeua mashine nyingi kuliko mawe. Mali bila daftari huisha bila habari, na hakuna mali ambayo methali hii inaifaa kama mashine ya ushirika. Daftari liandikwe saa zilizofanyiwa kazi, lita zilizoingia, oili iliyobadilishwa na fedha iliyolipwa. Mwendeshaji apewe mkataba unaomlipa kwa kazi iliyokamilika, na kutoka kila malipo itengwe sehemu ya vipuri ambayo mwenyekiti hana ruhusa ya kuigusa. Ushirika unaoshindwa kufanya hivyo kwa mashine ya kupukuchua ya bei ndogo hautaweza kwa trekta. Ushirika unaofaulu misimu mitatu umeonyesha kwamba unaweza kukopeshwa.

Basi kwa msomaji wa Kobero, Muyinga au Gitega anayefikiria kutoa akiba yake au kupiga kura katika mkutano wa ushirika, utaratibu ni huu: kwanza vyombo vya mkono na vya kuhifadhi, kisha injini iliyosimama inayohudumia mlima mzima, kisha pawatila yenye tela kwa ajili ya bonde, na trekta mwisho kabisa, likodishwe kabla ya kununuliwa. Kabla ya kwenda kuuliza bei Bujumbura au Mwanza, chukueni kamba mkapime ardhi iliyo wazi, iliyo sawa na inayofikika. Zikipatikana hekta 50 na zaidi, karibisheni wauzaji. Zikipungua, mashine ya kwanza kuinunua ni ile ambayo shamba linaweza kuifuata.